Uzito wa Kurasa za Intaneti na Haki ya Msomaji



Nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo kwa wajihi wake laonekana kuwa la mafundi peke yao, nami nimekubali kwa sababu naamini si la mafundi peke yao hata kidogo. Jambo lenyewe ni uzito wa kurasa za intaneti: kurasa za magazeti, za ofisi za serikali, za vyuo, za mabenki na za maduka, ambazo kila mwaka huzidi kunenepa, hata mtu aliyetaka kusoma habari ya aya nne akalazimika kupakua data ambayo ingetosha kubeba kitabu kizima, na kwa data hiyo akalipa fedha zake mwenyewe, na kwa kungoja akalipa wakati wake, ilhali hakuna aliyemuuliza kama ameridhia malipo hayo mawili. Hoja yangu ni moja, nami naiweka bayana tangu sasa ili mpate kuipima kila nitakapotoa ushahidi: ukurasa mzito ni gharama aliyoikwepa mjenzi na akabebeshwa msomaji, na madhali gharama hiyo haimo katika daftari la mjenzi, yeye hana sababu ya kuipunguza mpaka awekewe kikomo na mtu mwenye mamlaka ya kumwekea.

Asili ya mambo haya haikuwa hivyo. Tim Berners-Lee alipotoa pendekezo lake mwaka 1989 katika CERN, taasisi ya utafiti wa fizikia iliyoko Geneva, na tovuti ya kwanza ilipofunguliwa kwa walimwengu mwaka 1991, ukurasa ulikuwa maandishi na viungo tu, ukisomeka katika mashine za kila aina, za matajiri na za wanyonge. Na hata leo mtu akiufungua ukurasa ule wa mwanzo, ambao CERN imeurejesha hewani, huufikia mara moja bila ya kungoja. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kiliwazoesha watu kuona picha katikati ya maandishi, na mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga, kwa muda wa siku kumi, lugha ya JavaScript iliyouwezesha ukurasa kutenda mambo badala ya kusomwa tu. Mimi si adui wa picha wala wa JavaScript. Ramani inayosogezwa kwa kidole, fomu inayomwonya mwombaji kwamba amekosea namba yake kabla hajaituma, somo la kemia linaloonyesha namna chembe zinavyogongana, hayo ni mema makubwa, na anayetaka turudi katika mwaka 1991 hakufikiri vya kutosha. Ninalolilaumu ni israfu, na israfu haipimwi kwa wingi wa vitu vilivyotumika bali kwa wingi wa vile vilivyotumika bila ya haja.

Tangu mwishoni mwa 2010 mradi uitwao HTTP Archive umekuwa ukipima kurasa za tovuti nyingi za dunia na kuweka kumbukumbu. Kwa mujibu wa kumbukumbu hizo ukurasa wa katikati, yaani ule ambao nusu ya kurasa zote ni nyepesi kuliko huo na nusu ni nzito kuliko huo, haukufika kilobaiti 500 upimaji ulipoanza. Na mwaka 2024, kwa kurasa zinazofunguliwa katika kompyuta, ulikuwa umevuka megabaiti 2.5, na kwa kurasa za simu ulikuwa umevuka megabaiti 2. Mhadhara huu wote ninaousoma mbele yenu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, ukiandikwa kwa herufi tupu hauzidi kilobaiti 20. Basi ukurasa wa kawaida wa leo, ambao huenda ukawa na maneno machache kuliko haya, una nafasi ya kubeba mihadhara zaidi ya mia moja ya urefu huu, na nafasi hiyo haikujazwa maarifa. Habari ya gazeti haikurefuka mara tano tangu 2010, wala masharti ya kuomba pasipoti hayakurefuka mara tano.

Imejazwa nini, basi? Mathalani, picha iliyotoka moja kwa moja katika kamera, yenye upana wa kutosha kuchapwa bango la barabarani, hupachikwa ili ionekane kwa ukubwa wa stempu, na simu hulazimika kuipakua yote ndipo iifinye. Herufi za mapambo, ambazo msomaji asingezikosa, huletwa katika majalada manne au matano kwa sababu mchoraji alizipenda. Maktaba nzima za programu huingizwa kwa ajili ya kufungua na kufunga menyu moja. Video huanza kucheza pasipo kuombwa. Na juu ya yote hayo kuna kundi la matangazo na vifuatilizi, ambavyo ni vijiprogramu vilivyotiwa humo na makampuni ambayo msomaji hayajui kwa jina, kazi yake ikiwa ni kuandika nani amesoma nini, kwa muda gani, na kutoka wapi. Mtu akienda sokoni kununua kilo ya sukari akapimiwa pamoja na gunia, atateta, na soko zima litamwunga mkono. Na katika intaneti gunia limekuwa zito kuliko sukari kwa miaka mingi, na mteja hana mizani ya kuliona.

Lakini uzito wa baiti ni nusu ya shauri. Nusu ya pili ni safari, na hapa naomba subira yenu kidogo, maana mtu asiyefahamu namna ukurasa unavyosafiri hataelewa kwa nini simu iliyoandikwa 4G juu ya kioo chake bado hukaa ikizungusha kile kiduara cha kungojesha. Msomaji aliyeko Tanga akigusa kiungo cha ukurasa uliohifadhiwa katika seva iliyoko Ulaya, simu yake huanza kwa kuuliza anwani ya seva hiyo. Ikishajibiwa, huibishia seva hodi na kungoja kuitikiwa. Ikishaitikiwa, hufanya mapatano ya siri ili mtu wa kati asisome yatakayopita. Na baada ya hayo yote ndipo huomba ukurasa wenyewe. Kila hatua ni safari ya kwenda na kurudi. Nuru ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kebo ya kilomita 10,000 hutaka sehemu ya kumi ya sekunde kwa kwenda na kurudi mara moja, hata pasipo na foleni popote njiani, na hakuna mtaji utakaonunua nuru iendayo kasi zaidi. Fauka ya hayo, seva haimimini data yote kwa mkupuo mmoja. Kwa kawaida iliyoenea sasa hutanguliza vipande kumi, kiasi cha kilobaiti 14, ikangoja habari kwamba vimefika salama, kisha ikaongeza, ikangoja tena, ikaongeza tena. Ndiyo maana ukurasa ambao kiini chake kimetoshea katika kilobaiti zile 14 za mwanzo huwa umekwisha kusomeka wakati ambapo ukurasa mzito ungali unaomba. Na ule mzito hauombi kitu kimoja: huleta programu, nayo programu ikishafika huagiza nyingine kutoka seva nyingine, ambayo nayo lazima itafutwe anwani, ibishiwe hodi na kufanyiwa mapatano yake, hata ukurasa mmoja ukawa na maombi zaidi ya sabini, mengi yao yakingojana.

Data ikishafika, kazi haijaisha. Picha ya kilobaiti 200 huhitaji kufunguliwa na kuonyeshwa tu, lakini kilobaiti 200 za JavaScript sharti zisomwe, zitafsiriwe kwa lugha ya mashine, kisha zitekelezwe, na hapo simu ya bei nafuu, ambayo ndiyo simu ya watu wengi, hutumia sekunde kadhaa kwa kazi ambayo simu ya mhandisi aliyeitunga programu huimaliza kabla hajapepesa jicho. Katika sekunde hizo msomaji hubonyeza na simu isiitike, hubonyeza tena, simu hupata joto na chaji hushuka. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, aliandika mwaka 1993, akiyajenga maneno yake juu ya utafiti wa Robert Miller wa mwaka 1968, kwamba mtu akijibiwa ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde huona kama ametenda mwenyewe, akijibiwa ndani ya sekunde moja fikira zake hazikatiki, na zikipita sekunde kumi akili yake huhama kwenda kwenye jambo jingine. Mipaka hiyo ni ya bongo la mwanadamu, nayo haikubadilika kwa kuja kwa mitambo mipya.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki twaijua habari hii kwa uzoefu. Kabla ya mwaka 2009 Kenya na Tanzania hazikuwa na kebo ya baharini ya nyuzi za kioo, na intaneti yetu ilipitia setilaiti zilizo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako swali na jibu lake hutumia karibu nusu sekunde kwa kupanda na kushuka tu. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilitua Mombasa na Dar es Salaam, na ya TEAMS iliyotoka Fujairah ikatua Mombasa. Mwaka 2010 ikafuata EASSy. Neema ile ilikuwa kubwa, wala sitaki kuipunguza. Lakini katika miaka ile ile ambayo njia zetu zilipanuka, kurasa nazo zilinenepa mara tano, hata sehemu kubwa ya faida iliyonunuliwa kwa mamilioni ya dola chini ya bahari ikaliwa na mapambo na vifuatilizi kabla haijamfikia mwanafunzi wa Songea. Na tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, ilidhihirika jinsi tunavyoishi kwa nyuzi chache. Katika hali kama ile ukurasa wa kilobaiti 50 hupenya polepole ukafika, na ule wa megabaiti tatu hukatika njiani, ukaanza upya, ukakatika tena, na kila mwanzo mpya hula bando.

Nataka nikae kidogo juu ya bando. Wajenzi wengi wa tovuti huishi katika nchi au katika ofisi ambazo intaneti hulipiwa kwa mwezi, na mtu akifungua kurasa elfu au kurasa kumi gharama ni ile ile. Kwetu aghalabu mtu hununua kifurushi cha siku au cha wiki, kwa fedha aliyoipata leo, na kila megabaiti ina bei. Kifurushi cha MB 100, kwa kurasa za megabaiti 2.5, ni kurasa 40 basi, na mama anayetafuta bei ya mahindi katika masoko matatu na dalili za ugonjwa wa mwanawe hazichelewi kumwishia. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilituma wahandisi na mameneja wake Afrika, wakanunua simu za kawaida na kuijaribu programu yao wenyewe katika mitandao ya huku. Wakasimulia baadaye kwamba programu ilizimika mara kwa mara, na kwamba walimaliza vifurushi vyao vya mwezi mzima kwa dakika 40. Nawaheshimu kwa kuja na kwa kusema kweli. Mwaka 2015 wakaanzisha desturi ya kuwapa wafanyakazi wao, kila Jumanne, hiari ya kuitumia programu kwa kasi ya 2G ili waonje wanayoyaonja wengine. Programu ile ilibadilika baada ya waliokuwa hawalipi gharama kuilipa kwa mikono yao, ijapokuwa kwa siku chache.

Kisa kinachoithibitisha hoja yangu kuliko vyote kilitokea YouTube mwaka 2009, nacho kimesimuliwa na Chris Zacharias aliyekuwa mhandisi huko. Ukurasa wa kutazamia video ulikuwa umefika megabaiti 1.2, kabla ya kuihesabu video yenyewe. Zacharias aliazimia kuujenga upya usizidi kilobaiti 100, akakata hili, akaandika upya lile, akafika kilobaiti 98 na maombi 14 tu. Mradi uliitwa Feather. Alipouelekeza kwa sehemu ndogo ya watazamaji na kungoja takwimu, alipata pigo: wastani wa muda wa kufungua ukurasa ulikuwa umeongezeka. Ukurasa uliopunguzwa mara kumi na mbili ulionekana, kwa takwimu, kuchelewa kufunguka kuliko ule wa zamani. Alikuwa karibu kukata tamaa, ndipo takwimu zilipopangwa kwa nchi na maeneo, na jibu likaonekana. Watu wa kusini-mashariki mwa Asia, wa Amerika ya Kusini, wa Afrika, na wa pembe za mbali za Siberia, ambao ukurasa wa zamani ungewachukua dakika ishirini kuufungua na kwa hiyo hawakuufungua kamwe, sasa walikuwa wakiufungua kwa dakika mbili na ushei. Kwa mara ya kwanza YouTube ilikuwa imewafikia, nao, kwa kufikiwa kwao, wakauongeza wastani.

Nawaomba mzingatie kilichofichuka pale. Takwimu za kampuni zilikuwa sahihi siku zote, wala hakuna aliyedanganya, lakini zilihesabu waliofika tu. Aliyengoja dakika tatu akazima simu hakuandikwa popote. Hakulalamika, kwa kuwa fomu ya malalamiko nayo imo ndani ya ukurasa uliokataa kufunguka. Hakuhesabiwa kuwa mteja aliyepotea, kwa kuwa hakupata kuwa mteja. Uzito wa ukurasa humfukuza mtu na papo hapo hufuta ushahidi wa kufukuzwa kwake, na mkurugenzi akitazama takwimu zake huona watu wote wana simu nzuri na mtandao wa kasi, akaamini kwamba soko lake ndilo hilo, akaagiza mapambo zaidi. Hata vipimo vilivyotungwa kwa nia njema vina upungufu huu. Tangu mwaka 2021 Google huzingatia katika kupanga matokeo ya utafutaji vipimo vyake viitwavyo Core Web Vitals, na kimojawapo kinataka kitu kikubwa zaidi katika kioo kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, nalo ni jambo la kushukuriwa, maana limewapa mafundi waaminifu hoja ya kupeleka kwa wakubwa wao. Lakini tovuti huhukumiwa kuwa imefaulu ikiwa robo tatu ya ziara zake zimetimiza kipimo. Robo iliyobaki yaweza kuteseka na tovuti ikapewa cheti kizuri, na waliokata tamaa njiani hawamo hata katika robo hiyo.

Huenda mtu akauliza kama uzito huu si sharti la biashara, na kama gazeti laweza kuishi pasipo hayo ninayoyaita gunia. Sehemu ya jawabu ilitolewa Ulaya bila ya kukusudiwa. Tarehe 25 Mei 2018 sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika, na gazeti la Marekani USA Today, badala ya kuomba idhini ya wasomaji wa Ulaya kwa kila kifuatilizi, liliwatolea toleo lisilo na vifuatilizi wala matangazo. Ukurasa wa mwanzo uliokuwa na zaidi ya megabaiti 5 ukawa na kiasi cha nusu megabaiti. Kwa vipimo vilivyotangazwa wakati ule, muda wa kuufungua ulishuka kutoka sekunde 45 hadi sekunde tatu. Habari zilibaki, na waandishi walikuwa wale wale. Siwezi kudai kwamba gazeti laweza kuacha matangazo yote na likaendelea kulipa mishahara, lakini tangazo laweza kuwa picha moja nyepesi kama lilivyokuwa katika magazeti ya karatasi kwa karne nzima, pasipo kumfuata msomaji nyumbani kwake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022, na anayezitekeleza sheria hizo kwa dhati, akidai kila kifuatilizi kitajwe na kiombewe ridhaa, atajikuta anapunguza uzito wa kurasa pamoja na kulinda siri za raia.

Wengine husema tungoje, maana simu zitakuwa bora na mitandao itakuwa ya kasi. Niklaus Wirth, profesa wa Uswisi aliyetunga lugha ya Pascal, aliandika mwaka 1995 makala ya kuomba programu ziwe nyembamba, akaeleza kwamba programu hupungua kasi upesi kuliko mitambo inavyoongezeka kasi. Miaka thelathini imethibitisha maneno yake, na sababu haihitaji kutafutwa mbali: mashine ikiongezewa nguvu, mjenzi huipokea nguvu hiyo kama ruhusa. Kungoja si tiba.

Tiba kadhaa zimejaribiwa na makampuni makubwa, nazo nitazipitia upesi. Opera Mini, iliyotokea mwaka 2005, iliufinya ukurasa katika seva zake kabla ya kuuleta katika simu, na kizazi kizima cha Waafrika, pamoja na wenye simu za vitufe, kiliingia intaneti kwa mlango wake; hisani ile haisahauliki. Google ilileta mfumo uitwao AMP mwaka 2015, ikaufanya ukurasa kuwa mwepesi kwa sharti kwamba ujengwe kwa amri zake na mara nyingi utolewe kutoka seva zake, na magazeti yakakubali kwa hofu ya kukosa nafasi ya juu katika utafutaji. Yakaja matoleo mepesi ya programu mashuhuri, na mengine yameshaondolewa: YouTube Go ilifungwa mwaka 2022, na sura sahili ya Gmail, iliyofunguka hata katika kompyuta kuukuu ya maktaba ya wilaya, ikaondolewa mwaka 2024. Wepesi unaotolewa kwa hisani ya kampuni hukoma hisani inapokoma. Ningependa ukurasa wenyewe, ule mmoja wa watu wote, uwe mwepesi kwa asili yake.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza namna hiyo. Huduma iliyobadili maisha ya watu wetu kuliko tovuti yoyote ni ya kutuma fedha kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, na leo Mtanzania hubonyeza *150*00# akapata menyu ya maneno matupu isiyozidi herufi 182, akachagua namba, akaandika siri yake, na fedha ikafika Kigoma. Risiti yake huja katika ujumbe mfupi wa simu, ambao kila kipande chake hubeba herufi zisizozidi 160, yaani baiti 140. Biashara ya mabilioni hupita hapo kila siku, katika simu ya kitochi isiyo na kivinjari cha maana. Kurasa za matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania nazo ni majedwali matupu ya maandishi, yasiyo na pambo lolote, na siku ya matokeo, nchi nzima inapobisha hodi kwa pamoja, ufukara huo wa mapambo ni rehema kwa mtoto aliyeazima simu ya jirani. Marekani kwenyewe, kimbunga Irma kilipoikabili Florida mwezi Septemba 2017, CNN na NPR ziliwaelekeza watu kwenye kurasa zao za maandishi tupu, kwa kuwa mwenye chaji ya robo na mtandao unaokatika alihitaji kujua kimbunga kiko wapi. Mimi nauliza kwa nini haki hiyo ingoje kimbunga, ilhali hali ya chaji ya robo na mtandao unaokatika ni hali ya kila siku ya mamilioni ya watu.

Kwa hiyo nawaelekea wanaoagiza tovuti kuliko wanaozijenga: wakurugenzi wa halmashauri, wasajili wa vyuo, wahariri, mameneja wa mabenki. Fundi hujenga alichoagizwa, naye akionyeshwa tovuti ya kigeni yenye picha zinazotelezateleza akaambiwa ajenge kama ile, atajenga. Kikomo kiandikwe ndani ya mkataba kabla ya malipo ya kwanza. Mimi ningependekeza ukurasa wa kawaida wa maandishi usizidi kilobaiti 300 pamoja na picha zake, na maandishi yawe yanasomeka kabla JavaScript haijafika, na hata kama haifiki kabisa. Picha zipunguzwe kwa kadiri ya mahali zitakapoonekana na kuhifadhiwa kwa umbo la kisasa kama WebP. Herufi ziwe zile ambazo simu inazo tayari. Video isianze mpaka iguswe. Na kila kijiprogramu cha mtu wa nje kiwe na ofisa mmoja, kwa cheo chake, atakayejibu kwa nini kimo. Siku ya kukabidhi, kazi isionyeshwe kwa projekta katika ukumbi wenye intaneti ya ofisi. Inunuliwe simu janja ya bei ya chini kabisa iliyomo dukani, iwekwe laini ya kulipia kabla, waende aliyeagiza na aliyejenga pamoja hadi mahali ambapo mtandao ni wa wasiwasi, wafungue ukurasa huku wameshika saa, kisha wakague salio la kifurushi kabla na baada.

Na kwa kuwa uzito hurudi kidogo kidogo, bango leo, kifuatilizi mwezi ujao, upimaji huo urudiwe kila miezi mitatu na mtu ambaye si aliyejenga. Jambo la mwisho ni dogo, nalo laweza kuanza kesho bila ya mkataba mpya. Ofisi zetu zina mazoea ya kutangaza nafasi za kazi na majina ya waliochaguliwa kwa hati za PDF zilizopigwa picha kwa skana, ambapo karatasi moja ya maneno mia mbili huwa na megabaiti kadhaa, na haitafutiki wala haisomeki kwa kipofu anayetumia programu ya kumsomea. Maneno hayo yaandikwe katika ukurasa wenyewe kama maandishi. Na pale ambapo hati haina budi kuwekwa, kando ya kiungo chake uandikwe ukubwa wake kwa kilobaiti au megabaiti, ili kijana aliyebakiwa na MB 6 aamue mwenyewe kama ataifungua sasa au atangoja apate vocha.